Kivuli Halali cha Kadutu

Mchezo wa video uitwao Portal ulitoka 2007. Miaka 15 baadaye NVIDIA, watengenezaji wa kadi za michoro, wakaona mwanga wake umechuja, wakauunda upya: Desemba 2022 likatoka toleo ambalo kila mwale hupigiwa hesabu unavyogonga ukuta na kurudi na rangi ya ukuta ule, mpaka kona isiyotazamwa na mtu ikapata kivuli chake halali. Ni kazi ya heshima, wala siibezi. Ila Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako bwawa la Ruzizi I linazalisha umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, kivuli halali tunacho tayari, tena bila kadi ya michoro inayomeza wati 450. SNEL, shirika la umeme, ikikata tu, mtaa wetu wa Kadutu mzima unapata.

Utaniambia fundi wa mwanga hakumkatia mtu umeme. Kweli. Na kwamba tantali iliyomo kwenye kompyuta huchimbwa Brazili pia. Kweli tena, ingawa koltani ya Kivu, mawe yanayotoa tantali hiyo, haijawahi kukosa mnunuzi. Hoja yangu ni ya ratiba: chumba cha kubuni kimehesabiwa uzee kwa miaka 15, mtambo wa Ruzizi I, mdomoni mwa Ziwa Kivu, umevumiliwa zaidi ya 60. Bwawa ni ghali kuliko mchezo? Bila shaka, lakini mcheza akinung'unikia giza anatengenezewa toleo jipya. Mama muuza samaki wa sambaza akinung'unika anawasha tochi ya simu. Mafundi wenyewe wangemsifu: chanzo kimoja, vivuli virefu, wati chache mno.