Sanduku la Besi na Unga wa Mihogo

Swali la aina ya sanduku linalofaa kubeba spika ya besi garini, yaani ile spika kubwa inayoshughulikia sauti nzito peke yake, lilijibiwa na wataalamu wa sauti muda mrefu kabla ya muziki wa ndombolo kuzaliwa. Ila wataalamu hao hawakuwahi kusafiri kutoka Baraka hadi Uvira, mashariki mwa Kongo, katika gari dogo ambalo buti lake limejaa mizigo ya abiria, na kwa sababu hiyo jibu lao, ijapokuwa ni sahihi, halitoshi.

Masanduku yenyewe ni ya aina mbili. La kwanza limezibwa pande zote, na hewa iliyofungiwa ndani yake hufanya kazi ya springi, kwa kuwa koni ya spika ikisukumwa ndani hewa hubanwa na kuirudisha mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeipa mbinu hiyo umaarufu tangu mwaka 1954 kwa spika za nyumbani. La pili lina tundu lenye bomba, na hataza yake ilitolewa mwaka 1932 kwa Albert Thuras wa Maabara za Bell. Mawimbi yanayotoka nyuma ya koni, ambayo katika sanduku lililozibwa hupotea bure, hapa hupitia bombani na kuungana na yale ya mbele, na hewa ya bomba huvuma kwa noti moja maalumu, kama chupa tupu ya soda inavyovuma mtu akipuliza mdomoni mwake. Ukubwa wa sanduku pamoja na urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua noti hiyo. Ikipigwa, koni hutulia karibu kabisa na tundu ndilo linaloimba, na faida yake, inayokaribia desibeli 3, ni sawa na kuongeza mara mbili nguvu ya ampli, yaani mtambo wa kukuza sauti.

Faida hiyo si ndogo garini, ambako umeme ni wa kuhesabu. Ampli ikidai wati 1,000 kwa mfululizo kutoka betri ya volti 12, itavuta takriban ampea 100, na magari madogo mengi hayazalishi kiasi hicho, ndiyo maana taa za mbele hufifia kila ngoma inapogonga, na baada ya sherehe wageni waliovaa vizuri hulazimika kusukuma gari. Tena muziki wenyewe unalipendelea tundu. Waya mnene zaidi wa gitaa la besi la nyaya nne hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, kwa hiyo sanduku lililopangwa livume kwa hezi 38 hivi huibeba rumba ya Kongo, ile iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, bila kukosa hata noti moja. Chini ya hapo koni hukosa hewa ya kuishikilia na kupigapiga hovyo hadi kuharibika, lakini rumba haishuki huko mara kwa mara.

Fizikia, basi, imelipigia kura tundu. Buti limekataa. Spika ya inchi 12 huridhika na lita 30 hivi katika sanduku lililozibwa, ilhali lenye tundu hudai karibu mara mbili, nafasi ambayo dereva wa Barabara ya Taifa namba 5 angeiuzia gunia. Gunia likikosa nafasi huwekwa juu ya sanduku, na hapo ndipo tundu linapoonyesha tabia yake. Unga wa mihogo uliopakiwa Mboko, ukivuja kidogo kidogo kwa kila shimo la barabara, huingia bombani kimya kimya. Kisha dereva, akikaribia Kalundu, bandari ya Uvira, na kutaka mji ujue kwamba amefika, hufungua sauti, na tundu huanza kupumua wingu jeupe kwa kufuata mdundo.

“Papa, gari inaungua!”

“Hapana, mama. Ni besi.”

Jibu hilo ni sahihi kisayansi, ila halijawahi kumrudisha garini abiria aliyekwisha kuruka. Lililo gumu zaidi ni suluhu, kwani mwenye gunia hudai unga wake, spika hufunguliwa skrubu moja baada ya nyingine mbele ya mashahidi, na unga hupimwa kwa kopo, ukiwa na harufu ya gundi ya mbao.

Wapo wanaoziba tundu kwa kipande cha kitenge, nacho, kisipokazwa sawasawa, hurushwa nje mara besi inapokolea. Kwa maoni ya mwandishi huyu, gari la kazi lichukue sanduku lililozibwa, ambalo besi yake ni ya adabu na kamili, na tundu liachiwe gari la harusi. Mafundi hawakubali kushindwa: wengine hutengeneza kifuniko cha kufungwa kwa nati, ili sanduku moja liwe la aina zote mbili, jambo ambalo lingekuwa zuri kama nati hizo zisingelegea kwa mtetemo na kuanza kugonga mbao, huku dereva akisimama kila mara kukaza nati za gurudumu lisilo na tatizo lolote.