Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Uwekezaji Zanzibar

KUH: WAPEMBA KUSAMEHEWA SEMINA YA ELIMU YA UWEKEZAJI

Wakaazi wa Pemba, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 ni zaidi ya watu 540,000, wanawasilisha kwa Mamlaka ya Uwekezaji Zanzibar (ZIPA) ombi moja dogo, nalo ni kusamehewa semina. Kila inapovuma habari kwamba kampuni kubwa inakusudia kuja kisiwani, husemwa papo hapo kwamba wananchi wapewe kwanza elimu ya uwekezaji, yaani wafundishwe kutomwogopa mgeni, kutomdai mapema na kutomuuliza maswali yanayochosha. Nia hiyo ni njema, na posho ya semina haijawahi kukataliwa na mtu mwenye akili timamu. Ila imejengwa juu ya dhana kwamba Mpemba hajapata kuishi na shirika kubwa, dhana ambayo historia haiiungi mkono hata kidogo.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao ambalo dunia imelijua kwa jina la Zanzibar. Mwaka 1927, chini ya himaya ya Waingereza, ikaundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ambayo licha ya jina lake ilikuwa mikononi mwa serikali zaidi kuliko mwa wakulima, na mwaka 1937 sheria ikaipa ukiritimba, yaani haki ya kuwa mnunuzi pekee wa mali ya watu wengi. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ikazisusia karafuu za Zanzibar mpaka masharti yalipolegezwa mwaka 1938. Katika mzozo huo mkulima wa Pemba alitajwa na kila upande kuwa ndiye anayetetewa, heshima ambayo ameendelea kupewa hadi leo na kila anayemnunulia mali yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kazi ya mnunuzi pekee ikarithiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoanzishwa mwaka 1968, na mizani ikabadilisha mwenyewe bila ya kubadilisha idadi: ilikuwa moja, ikabaki moja.

Katika mazingira hayo ndipo lilipostawi neno magendo, ambalo Mamlaka huenda ikalihitaji katika mihadhara yake. Kwa maelezo ya vitabu, magendo ni biashara inayokwepa sheria na ushuru. Kwa maelezo ya Pemba, ni kumuuzia mali yako mtu anayelipa zaidi, usiku, kwa chombo kinachoelekea Shimoni au Mombasa. Dola ililiona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuwa na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), na ni vigumu kuitaja nchi nyingine ambayo boti za serikali zimekesha baharini miaka mingi kiasi hicho kwa ajili ya kiungo cha pilau.

Semina yenyewe, kama Mamlaka itapenda kuikagua, hufanyika kila msimu na haina posho. Mchumaji hupanda mkarafuu asubuhi na mapema na hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo cha tangu enzi za mababu, ilhali mwenye shamba atakuja kulipwa kwa kilo, hivyo hesabu ya kwanza ya biashara ya kimataifa hufanywa chini ya mti. Usiku nyumba nzima, watoto wa skuli wakiwemo, huzunguka rundo la karafuu mbichi na kuchambua, yaani kuzitenga punje na makonyo, ambayo ni vile vikonyo vinavyozishikilia. Kishada hubanwa kwa mkono mmoja na kusuguliwa kwenye kiganja cha mwingine mpaka vidole vinaota weusi usiotoka kwa sabuni. Kisha karafuu huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na mtu mmoja huachiwa kazi ya kuyatazama mawingu, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa hupauka na kushuka daraja. Ndipo gunia hufika kituoni. Mnunuzi hutia mkono ndani, huvunja punje moja kwa vidole asikie kama imekauka, halafu hutamka daraja. Na kwa kuwa hakuna mizani nyingine ya halali kisiwani, somo la majadiliano ya bei huwa limekwisha hapo, kwa ufanisi ambao hakuna mkufunzi wa semina aliyewahi kuufikia.

Haki lazima isemwe. Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei kwa kiwango kikubwa ili kuyaua magendo, kilo ya daraja la kwanza ikanunuliwa kwa miaka kadhaa kwa shilingi 14,000, na sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia ilisifiwa, na kwa kweli ilistahiki sifa. Jambo moja tu ndilo linaloendelea kuwatatiza wanafunzi wa somo hili. Huko Wawi, jirani na Chake Chake, ZSTC lina kiwanda cha kukamulia mafuta, nacho hujulikana na watu wote kwa jina la Kiwanda cha Makonyo, kwa sababu kinachokamuliwa humo hasa ni makonyo; yaani teknolojia ilipoletwa kisiwani ilipewa mabaki ya zao, na zao lenyewe likaendelea kusafirishwa likiwa zima, pamoja na kila ajira ambayo ingeweza kulifuata.

Wanawake nao wana chuo chao, na kipo baharini. Ukulima wa mwani kwa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa hutoka Pemba, ukilimwa zaidi na wanawake wanaofuata ratiba ya bamvua, yaani siku ambazo maji hutoka mbali sana na kuuacha wazi mchanga wa kufanyia kazi. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba kampuni hutoa kamba na taitai, ambavyo ni vikamba vyembamba vya kufungia miche, na aliyepokea kamba humuuzia aliyeitoa. Mwani uliokauka hupelekwa ng'ambo kutolewa karajini, utomvu unaotumiwa kuipa uzito dawa ya meno na aiskrimu, na kwa miaka mingi kilo moja ya aina ya spinosamu haikumfikishia mkulima hata shilingi elfu moja. Aina nyingine, kotonii, ina bei nzuri zaidi, lakini hufa maji ya bahari yanapopata joto, na kwa bahati mbaya joto hilo nalo halikuzalishwa Pemba.

Kwa kumbukumbu hizo, Mamlaka itaona kwamba kampuni iliyopendwa kuliko zote kisiwani ni ile ya Micheweni. Mwaka 1992 serikali ilitenga maeneo huru ya uchumi, yaani ardhi ambayo mwekezaji husamehewa kodi mbalimbali ili alete viwanda na ajira. Unguja ikapata Fumba, na Pemba ikapata Micheweni, hekta 808. Fumba leo ina viwanda na mji mpya wa nyumba za kuuza. Micheweni kwa miongo mitatu ilipata hotuba, na kwa hakika mwekezaji wake amekuwa na mwenendo ambao kampuni nyingine zingefaa kuuiga: hakuchafua maji, hakumwachisha kazi mtu yeyote, hakuchelewesha mshahara wa mwezi hata mmoja na hakujenga ukuta. Wanawake wa wilaya hiyo wameendelea kugonga mawe kuwa kokoto kwa nyundo bila ya kusumbuliwa na kelele za mitambo. Ilipokuwa ikiulizwa kwa nini haji, ilielezwa kwamba kisiwa hakina umeme wa kutegemewa. Mwaka 2010 waya uliopitishwa chini ya bahari ukaleta umeme kutoka Tanga, na sababu ikahamia bandarini, kisha ikapanda uwanja wa ndege. Ziko pia sababu ambazo kila mtu anazijua, zinazohusu namna kisiwa hiki kilivyozoea kupiga kura, lakini si adabu kuzitaja katika barua rasmi.

Panapokuja mgeni kweli, huja kwa ajili ya maji na mchanga. Huko Makangale, kwenye rasi ya Kigomasha, tangu mwaka 2013 kuna chumba cha hoteli kinachoelea, ambacho mgeni hulala chini ya bahari akitazamwa na samaki, na usiku mmoja kwa watu wawili huzidi dola 1,000. Hakuna anayemwonea wivu mgeni huyo. Mvuvi wa Pemba amelala baharini miaka yote bila ya kufikiria kwamba ni huduma. Wasiwasi uko kwingine. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilitangaza kuvikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, na visiwa ambavyo kwenye ramani vinaonekana havina watu ndimo wavuvi wanamokwenda dago, yaani kuhamia kwa siku kadhaa au majuma, wakajenga vibanda vya makuti, wakavua, wakaanika samaki na kurudi nyumbani bamvua linapokwisha. Mkataba wa kukodisha huuliza nani anaishi kisiwani, na jibu la kweli ni kwamba hakuna. Hauulizi nani anakitegemea, labda kwa sababu jibu lingejaza karatasi nyingi na kuchelewesha saini.

Kuhusu mafuta na gesi patasemwa machache, kwa kuwa mafuta yenyewe nayo hadi sasa yamesema machache. Kampuni za BP na Shell zilichimba kisima Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960 na zikaondoka. Mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini na RAK Gas ya Ras al Khaimah mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji, yaani makubaliano yanayoeleza nani atachukua kiasi gani endapo kitapatikana kitu. Wapemba wanauheshimu mkataba huo kwa namna mtu anavyoheshimu barua iliyoandikwa kumhusu na kusomwa na wengine.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba semina ibakie, posho ibakie, ila wabadilishane viti. Wafundishwe wawekezaji, na wakufunzi wawe wachambuaji wa karafuu, wakulima wa mwani na manahodha wa dago, ambao wana uzoefu wa karibu karne moja wa kupokea mashirika makubwa. Somo la kwanza lingehusu mizani, na mwanafunzi angetakiwa aeleze, kwa Kiswahili na kwa maandishi, nani atapima, nani atatamka daraja, na mkulima atalikatia rufaa wapi bila ya kupanda boti ya Unguja. Somo la pili lingehusu kiwanda, na humo mwanafunzi angeulizwa kama atakachojenga Pemba kitapewa punje au makonyo. La tatu lingekuwa fupi, nalo ni kuusoma mkataba kwa sauti mbele ya watu wa shehia, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala, kabla ya saini. Atakayefaulu apokewe kwa heshima zote. Atakayeanguka arudie darasa msimu ujao, na wakati akisubiri anaweza kusaidia kuangalia mawingu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakaazi wa Pemba

Nakala:
Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa taarifa.
Mwekezaji wa Micheweni, popote alipo.