Sifa za Koki Kuu

Mwezi umesifiwa, majahazi yamesifiwa, na karafuu, kwa kuwa inanukia na kuuzika, haikukosa wa kuitukuza. Lakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya hadhara akaitaja kwa taadhima koki kuu ya maji, kile kipande cha shaba kilichoota kutu ya kijani penye maingilio ya bomba, wala ile saa adhimu ambayo fundi huizungusha kuelekea kulia mpaka ikome, na nyumba nzima ikakauka. Dhulma hii nataka kuiondoa leo.

Fadhila yake ya kwanza ni unyenyekevu. Mfereji wa jikoni kwetu, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, ulikuwa ukitona usiku na mchana, hata ndoo ya lita 20 tuliyoikinga baada ya sala ya Isha tuliikuta alfajiri imefika nusu. Na kwa muda wote huo mfereji ulilaaniwa na wakubwa na wadogo, ilhali koki, iliyokuwa na uwezo wa kuunyamazisha, haikujitokeza kujigamba. Fundi bomba alipowasili na spana yake, katani na kopo la rangi, hakuuliza juu ya mfereji hata kidogo. Alisema, “Mzee, koki kuu iko wapi?” Nikamtazama mke wangu, mke wangu akamtazama mama yake, na mama yake, ambaye tangu tuhamie hajapata kushindwa na swali lolote, akatazama dari. Tumekaa nyumba hiyo miaka 11. Tuliitafuta chini ya ngazi, tukaitafuta nyuma ya gunia la mkaa, na mwisho tukaipata uani chini ya tenga, kuku ameiatamia pamoja na mayai yake.

Wala haikukubali kufungwa kwa mara moja, nami naihesabia jambo hilo kuwa ni heshima ya nafsi. Koki za kizamani, zile za gurudumu zenye ulimi unaoteremka ndani na kuziba njia, zisipoguswa miaka mingi hushikwa na chokaa ya maji yetu yatokayo katika mawe ya matumbawe, na mwenye pupa akizilazimisha huukata msumari wake, ulimi ukabaki pale ulipo na yeye akabaki na gurudumu mkononi. Fundi aliibembeleza: akaitia mafuta, akaipeleka kulia kidogo, akairudisha kushoto, kama mtu anayemposa binti wa watu wazito. Koki za siku hizi, za mkono mmoja, hufunga kwa robo ya mzunguko. Zina manufaa, nakiri, lakini hazina adabu ya mazungumzo.

Maji yalifungwa saa nne kasorobo, na saa nne haijatimia nyumba nzima ilikuwa na kiu. Shemeji yangu, ambaye tangu juzi hakuonana na sabuni, alitangaza kwamba lazima aoge sasa hivi. Mzee wetu akauliza kama hali ile yaruhusu kutayamamu, akajibiwa kwamba jirani ana maji na miguu yake, alhamdulillahi, ni mizima. Ikabidi ndoo iende kwa jirani, yule yule tuliyekuwa hatusemezani naye tangu mbuzi wake alipokula mkeka wetu. Ikarudi imejaa, na juu yake sahani ya visheti. Ni kadhi gani mjini humu angeliweza kutoa suluhu kama hiyo kwa muda wa robo saa, bila shahidi wala ada?

Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya chemchem kwa mabomba, na shukrani anastahili. Walakini tangu hapo tumesahau kwamba ndoo ya lita 20 ina uzito wa ratili 44, na kwamba zamani ratili hizo zilipanda ngazi zetu juu ya kichwa cha mtu. Siku ile nilizipandisha mwenyewe mara tatu, na tangu siku hiyo nasukutua kwa kikombe kimoja.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa: washa iliyolika ikatolewa, mpya ikatiwa. Fundi akaniusia nifungue taratibu, na mfereji wa uani uwe wazi ili hewa ipate kutoka. Kwa furaha nikafungua kwa pupa, bomba zikapiga kishindo kama ngoma ya arusi, mfereji ukakohoa, ukatema maji mekundu, kuku akaruka ukutani.

Koki yangu, msomaji, iko uani, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni, upande wa kushoto. Na tenga limehamishwa. Yako iko wapi?