Hotuba ya Bingwa wa Mabaka

Wazee wangu, akina mama, na wewe kijana unayetafuna karanga wakati elimu inamwagika: shikamooni kwa wanaostahili. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Mabaka, Ngozi na Viungo Jirani, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye hadhi ya kunitunuku.

Somo la leo limeketi hapa mbele. Mzee wetu huyu, miaka sabini na ushei, ana baka jeusi kwenye unyayo. Anasema lilikuwa dogo tu, sasa limetanuka na ukingo umepindapinda. Nimeshalichunguza kikamilifu, bila kumvua kiatu. Asiye bingwa huangalia baka. Bingwa humwangalia mwenye baka, hasa mfukoni.

Najua watu wa hospitali watasema nini. Kule Moshi, KCMC, wapo wanaokaa darasani miaka kadhaa wakisomea ngozi, kitu ambacho mimi nimezaliwa nacho. Watakuuliza: nusu hii inafanana na ile? Ukingo umetulia? Rangi ni moja? Upana umepita milimita 6? Linabadilika? Maswali matano kwa doa moja! Mimi nina moja tu: umekuja na shilingi ngapi?

Eti kwa sisi weusi, melanoma, ile saratani kali ya ngozi, hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi. Watawatajia mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Sawa, lakini yule alikuwa mcheza mpira. Mzee wetu hachezi mpira. Hoja imefungwa.

Na tiba yao? Wanakupiga ganzi, wanalitoa baka lote pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi yenye afya, kisha kinyama kinapelekwa maabara. Huko wanapima limezama kiasi gani, kwa kuwa daktari mmoja Mmarekani, Breslow, alionyesha mwaka 1970 kwamba hatari huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Milimita tena! Mimi natumia wembe na majivu, kinyama nawatupia kuku. Kuku hawajawahi kuniletea majibu mabaya.

Wenye wivu wananong'ona kwamba mabaka mengi ya uzeeni, hasa yale ya kahawia yaliyoinuka juu ya ngozi, hayana madhara hata yasipoguswa. Ni kweli, na hayo ndiyo yaliyonijengea jina. Wagonjwa wangu wote waliorudi kunishukuru walikuwa wazima. Ambao hawakurudi hawajaleta malalamiko.

Maswali? Wewe muuguzi wa zahanati, keti. Unasema nini? Baka jipya au linalobadilika kwa mtu mzima lisisubiri? Mzee avuliwe viatu vyote viwili, aangaliwe hadi katikati ya vidole, apewe rufaa leo hii? Binti, hapa hatujadili viatu, tunajadili sayansi.

Mzee, mbona unasimama? Mzee! Pikipiki ya nini?

Haya. Katibu, andika kwenye daftari la mafanikio: mgonjwa ameondoka kwa miguu yake, amepona.