Kuruka Gitega hadi Muyinga Bila Kuondoka Kitini

Umeweka simuleta ya ndege kwenye kompyuta, umeibwaga Cessna vilimani mpaka umechoka kuiokota, na sasa unatafuta mwalimu. Si mwalimu wa kulipwa kwa saa, bali yule wa programu: anakaa ndani ya mashine, anafuatilia kila unachogusa, anakukosoa kwa sauti ya upole, na mwisho anakupa alama. Safari yako ya mtihani ni Gitega hadi Muyinga, kilomita 80 hivi ukikata moja kwa moja juu ya vilima na mto Ruvubu. Cessna 172 haimalizi nusu saa. Kwa barabara ungepita Karusi, umebanwa kwenye kiti cha nyuma, na ungefika.

Kuhusu gharama, usijitie presha. FlightGear ni ya bure na ipo tangu miaka ya tisini. Microsoft Flight Simulator inalipiwa, inataka diski kubwa, na vilima vyake inaviteremsha kutoka kwenye intaneti wakati unaruka. Toleo lake la 2024 lilipotoka tarehe 19 Novemba, seva zilizidiwa na wachezaji wa dunia nzima wakakaa wakikodolea macho mstari usiosogea. Siku hiyo London na Tokyo walionja intaneti tunayoijua sisi. Raha moja ya mchezo huu hakuna atakayekunyang'anya: tangi linajaa kwa kubofya tu. Hakuna foleni, hakuna dumu, hakuna kulala kituoni.

Kabla ya kuwasha injini, tazama kibodi. Kama herufi za juu zinaanza na A-Z-E-R-T-Y, kama shule na ofisi nyingi za Burundi zilivyozoea, jiandae. Katika FlightGear magneto za injini huwashwa kwa alama ya }, na kwenye kibodi yako alama hiyo inadai AltGr na kitufe kingine kwa pamoja. Mwalimu atakuambia uwashe magneto kwa utulivu wa mtu asiye na vidole. Atakuambia kwa Kiingereza, tena cha redioni. Hapo usimlaumu, maana hicho ndicho utakachokutana nacho angani siku ukiruka kweli.

Sasa tuje mahali mwalimu huyu anapoua wanafunzi.

Masomo mengi ya programu yametungwa kana kwamba dunia yote iko usawa wa bahari. Gitega haiko huko. Chukua uwanja ulio futi 5,500, mchana wa nyuzi joto 24: hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kati ya wale farasi 180 wa Cessna 172S, robo hivi wamebaki Dar es Salaam. Mwalimu hajui. Anasema sukuma wenzo mwekundu wa mchanganyiko mpaka mwisho, kisha mweusi, ruka. Ukimtii, injini inamiminiwa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, inakohoa, na nyasi za mwisho wa uwanja zinakujia kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Atakachokukosoa ni kwamba umechelewa kuinua pua. Mwanafunzi mtiifu ataivuta pua mapema zaidi mara ya pili, na hapo ndipo kilima kinapomalizia somo.

Usimtii. Simama mwanzo wa njia ya kurukia, kanyaga breki, peleka nguvu zote, kisha vuta wenzo mwekundu nyuma taratibu huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Mshale utapanda, utafika kilele, utaanza kushuka. Rudisha wenzo mbele kidogo, achia breki.

Tusiwaonee wote. Mwaka 2020 Microsoft walipeleka masomo yao ya mwanzo Sedona, Arizona, uwanja ulio juu ya mlima, futi 4,800 hivi. Ila misaada ya programu ikiwa imewashwa, mchanganyiko hujirekebisha wenyewe, na mwanafunzi anashuka na alama nzuri bila kujua kwamba alikuwa mlimani.

Tiba ninayoipendekeza ni kumhamisha mwalimu. Mpeleke Wilson, Nairobi. Uwanja ule, unaobeba jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, uko karibu futi 5,500, na marubani wengi wa Afrika Mashariki wamejifunzia pale kwenye hewa nyepesi kama yako. Rudia kutua pale mpaka uzoee jambo moja linalotisha: kipimo kinasema noti 65, lakini ardhi inapita chini yako kwa noti 73 hivi. Macho yatakuambia unakimbia mno, na mkono utataka kuvuta usukani. Uzuie. Amini kipimo, na ujue utahitaji uwanja mrefu zaidi wa kusimama.

Hapo nimesema amini kipimo. Sasa nakuambia ukizibe. Walimu wa kweli wanamtambua haraka mwanafunzi aliyetoka kwenye simuleta: yuko angani, dirisha limejaa dunia, naye kainamia saa za dashibodi. Ni kawaida yao kuzifunika. Nawe bandika karatasi kwenye nusu ya chini ya skrini, uruke ukitazama pua na upeo wa macho. Mwalimu wa programu hatalalamika, kwa sababu haoni unatazama wapi. Anaona kasi, kimo, mlalo wa mabawa na jinsi ulivyogonga ardhi. Visivyopimika kwake havipo.

Ed Link alipotengeneza sanduku lake la kufundishia urubani huko Marekani mwaka 1929, mashine ilikuwa ya mwanafunzi. Mwalimu alibaki mtu, amekaa mezani pembeni, anasikiliza na kutazama njia ya mwanafunzi ikichorwa. Jeshi la Marekani lililazimika kununua masanduku hayo mwaka 1934, baada ya marubani kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa. Mtu yule wa mezani ndiye tuliyemwondoa. Na mwalimu anayekaa kiti cha kulia ana sifa nyingine ambayo haiuzwi kwenye duka lolote la programu: naye anataka kurudi nyumbani jioni. Ukikosea futi 300 kutoka ardhini anaunyakua usukani. Huyu wako anaandika.

Umeme ukikatika futi 300 hizo hizo, tulia. Ndiyo ajali pekee ya ndege ambayo abiria wote wanakwenda kutafuta mshumaa.

Usijaribu kupeleka masaa yako ya kitini popote. Hata Marekani, kati ya saa 40 za chini kabisa za leseni binafsi, kwa kawaida ni saa 2.5 tu zinazoweza kuhesabiwa kutoka kwenye simuleta, tena iliyoidhinishwa na yenye mwalimu mwenye leseni. Ukinogewa kabisa, kipo chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, na huko watakufundisha wakiwa wameketi nawe.

Sasa imebaki Muyinga. Fungua orodha ya viwanja vya Burundi, vyote misimbo yake inaanza na HB: Bujumbura ni HBBA, Gitega ni HBBE, na Kirundo imo. Muyinga hutaiona. Umepita Ruvubu vizuri, mji uko chini yako, na mwalimu kanyamaza, kwa kuwa mahali pasipo msimbo hana cha kusema. Kinachobaki ni kutua barabarani, upande wa mpaka wa Kobero. Ukigusa lami taratibu, pua ikiwa imenyooka, atakupa zaidi ya asilimia 90. Waendesha baiskeli wenye shehena za ndizi hatawahesabu, maana waliotengeneza barabara hiyo hawakuwaweka.