Hakuna Kijana, Mama

Birmingham, mwishoni mwa Oktoba

Mama, Baba, Shangazi, na ninyi nyote mtakaosomewa barua hii jikoni mtori ukiwa motoni,



Nimepata habari kwamba hadithi yangu imefika nyumbani Kibosho kabla sijaituma. Mdogo wangu niliyemwonyesha kwenye WhatsApp aliapa kwa jina la marehemu bibi kwamba hataionyesha kwa mtu. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri za huku, Shangazi akanipigia simu. Hakunipa hongera wala hakuuliza ina kurasa ngapi. Aliuliza: "Ni wa wapi, na anafanya kazi gani?"

Basi naandika niseme mara moja, na lisikike hadi Umbwe: hakuna kijana. Ni hadithi fupi ya mapenzi ya sikukuu. Ina basi bovu na gunia la tangawizi, na haina mwanamume hata mmoja niliyewahi kumshika mkono. Kama shida yenu ni kujua nimeitoa wapi, vuteni viti.

Waingereza mnawajua kwa kusimuliwa. Mtu anakuwa jirani yako mwaka mzima na salamu yake ni kukuambia mvua inanyesha, wakati wote wawili mmelowa. Lakini Novemba ikiingia, madukani kunajaa vitabu vidogo vya mapenzi ya Krismasi, vimepangwa kati ya chokoleti na betri. Jalada ni lile lile: nyumba ya mawe, theluji juu ya paa, taa dirishani, na mbwa. Ndani, mwanamke wa mjini mwenye kazi nyingi anakwenda kijijini, gari linakwama kwenye theluji, anabisha hodi, na mlango unafunguliwa na mgane aliyevaa sweta zito, mwenye mtoto mmoja mwenye adabu, na anayejua kuoka mkate. Tarehe 25 wanapendana. Tarehe 26 kitabu kimekwisha, kabla hamjajua nani ataosha vyombo.

Hiyo theluji nayo, jamani. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima wenye theluji mwaka mzima tulidhani huku ndiko kwenyewe. Krismasi ya Birmingham ni manyunyu na giza la saa kumi jioni. Idara ya hali ya hewa, Met Office, imeshusha kiwango mpaka chini kabisa: ikionekana chembe moja tu ikidondoka ndani ya saa 24 za tarehe 25, basi Krismasi imehesabiwa kuwa nyeupe. Na watu wanaichezea kamari chembe hiyo. Hata ile nyumba nzuri ya filamu ya *The Holiday* ya mwaka 2006, aliyokaa Cameron Diaz, haipo. Iliundwa kwa ajili ya kamera kwenye kilima cha kijiji cha Shere, Surrey, na kazi ilipokwisha ikabomolewa. Wapenzi wa filamu bado wanafunga safari kuitafuta. Wanafika, wanapiga picha na majani.

Sasa nije kwa anayehusika. Kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya zamu za usiku kuna bibi mmoja wa chumba cha mwisho, asiyepata usingizi. Anasoma vitabu vya Mills & Boon, kampuni ya tangu 1908, kwa kioo cha kukuzia, akilamba kidole gumba kila anapofungua ukurasa. Anaanza na ukurasa wa mwisho, ahakikishe wameoana, ndipo arudi mwanzo kwa moyo mkunjufu. Akimaliza anapiga mstari mdogo wa penseli chini ya namba ya ukurasa wa saba. Nilidhani ni dawa zake zinamchanganya. Kumbe ni alama: majina ya vitabu hivyo yanafanana mno, na bila mstari angeazima kile kile mara nne. Wako wazee wengine wenye alama zao, mwingine duara, mwingine herufi, na vitabu vya maktaba vimejaa siri hizo.

Nilimsimulia kuhusu M6 Toll, ile barabara ya kulipia inayopita kaskazini mwa jiji hili, maili 27, iliyofunguliwa Desemba 2003. Vitabu vya Mills & Boon vipatavyo milioni mbili na nusu vilivyokosa wanunuzi vilisagwa na kuchanganywa humo ili lami ishikamane. Malori ya Uingereza yanapita juu ya mabusu, Baba, na yanatozwa. Bibi alifikiri kidogo akasema: "Natumaini walisaga vile vya madaktari. Sikuvipenda kamwe."

Krismasi iliyopita zamu ilinikuta kazini. Tarehe 25 Desemba huku treni hazitembei nchi nzima. Maduka makubwa yamefungwa, na kuna sheria ya mwaka 2004 inayoyataka yafungwe. Mabasi usiulize. Nikakwama na bibi wa chumba cha mwisho, chai ya maziwa isiyo na tangawizi, na mshumaa wa betri. Akaniuliza kwetu sikukuu ikoje. Nikamwambia Desemba ya Wachaga: jinsi Dar inavyotuhama, nauli inavyopaa, watu wanavyogombania viti stendi ya Magufuli kana kwamba basi la kesho halipo, watoto juu ya mapaja, majokofu kwenye buti, na wote tunakwenda mlima mmoja. Alikuwa ameshika biskuti, akasahau kuila. Akasema, "Na kiti cha pembeni yako anakaa nani?"

Mama, hapo ndipo ilipozaliwa. Si kwa kijana. Kwa swali la bibi mwenye miaka tisini anayetaka kujua jirani wa dirishani ni nani.

Maana nilipolifikiria niliona jambo. Mapenzi ya sikukuu yanahitaji watu wawili wasiokuwa na mtu wa kuwaingilia, na Waingereza wanaupata upweke huo bure. Nchi inafungwa, wawili wanabaki ndani hawana cha kutazama ila kutazamana. Sisi je? Nyumba ya vyumba vinne ina watu ishirini na watatu, watoto wamelala koridoni, kuna pipa la mbege na kamati inayolizunguka. Ukikaa benchi moja na mwanamume muda wa kumenya ndizi tatu, Shangazi ameshauliza ukoo na Baba mdogo ameshapanga watakaokwenda kwao. Hakuna penzi linaloweza kuchipua katika mazingira hayo, linafika likiwa na kikao. Mahali pekee ambapo binti wa Kibosho anaweza kuwa peke yake na mgeni mwezi wa Desemba ni kiti cha basi. Nilifikiria na treni, iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kutoonekana, lakini treni mtu anaweza kuhama behewa. Basi halina huruma hiyo.

Kwa hiyo hadithini nikaliharibu basi Makanya, mchana, jua la Same likiwa utosini. Mkanda wa feni umekatika, abiria wameshuka, wamejibanza kwenye kivuli cha basi lenyewe. Namsimulia bibi kwa Kiingereza kila zamu, kipande kwa kipande, naye ndiye mhariri wangu. "Fundi atachukua muda gani?" Nikasema saa moja, anatoka Same. "Haitoshi. Kwa saa moja mtu anapata mafua tu." Kwa hiyo fundi akaja na mkanda usio wake, akarudi Same kuubadilisha. Hapo tukapata jioni nzima.

Baba, nimesikia umenuna kwamba kijana wa hadithi ni Mpare. Nilifanyaje? Basi liliharibikia Upareni. Lingekufa Mombo angekuwa Msambaa. Amepandia Same, yumo na gunia la tangawizi kutoka Mamba Miamba, na kwa kuwa ni mtani wetu na mnawajua kwa kesi, hajapoteza muda kusifia macho ya binti. Ametoa daftari, anaorodhesha mashahidi wa kumshtaki mwenye basi. Namba ya simu ya binti aliichukua kama shahidi wa tatu. Bibi alicheka mpaka nesi akaja kuchungulia.

(Ndiyo, niliona kasoro wakati nasoma tena: Same iko mbele ya Makanya ukitoka Dar, hivyo hawezi kuwa amepandia Same. Nimemhamishia Hedaru, tangawizi ilishushwa huko na lori. Msiniandikie kuhusu hilo.)

Viungo vingine ni vyenu. Pua ni ya Mjomba. Ile tabia ya kuvuta suruali magotini kabla ya kukaa ni ya Baba, kwa kuwa utoto wangu wote huyo ndiye mwanamume niliyemwona akikaa. Mwisho niliuandika wa huzuni: wanaachana Himo, kila mtu na mzigo wake. Bibi alikataa kabisa, na bahati mbaya ana wakubwa upande wake. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kimetamka kwamba hadithi ya aina hii lazima iishie kwa kuridhisha na kwa matumaini. Basi Januari simu inaita, kesi imepangiwa tarehe, shahidi wa tatu anatakiwa mahakamani Same, na nauli yake imelipwa. Mpare amelipa nauli! Kama hilo si penzi, sijui.

Sasa shida zangu. Naomba mtu aniulizie nauli ya Desemba hii, ile halali na ile ya mlangoni. Kilo ya tangawizi Same ni shilingi ngapi. Na kama mabasi bado yanasimama Korogwe kwa chakula. Nijibuni kabla Novemba haijaisha, kwa sababu bibi anaulizia sehemu ya pili. Na yule kijana aliyepewa namba yangu na Shangazi, mwambieni aache kunitumia "mambo" saa nane usiku. Niko kazini.

Mwanenu.