Karai la Maji, Karai la Mandazi

Shangazi alifika Kianjai siku moja kabla ya posa ya dada yetu, akakuta sufuria kubwa zote zimeshaazimwa na majirani. Lililobaki ni karai la bati la kupashia maji ya kuoga. Liliwahi kutoboka kitako, fundi mmoja sokoni akaliziba kwa lehemu.

"Hilo ni la maji tu, wifi," mama alimwambia.

"Limekaa mafigani mwaka mzima bila kuvuja," shangazi akajibu, akamimina mafuta.

Mandazi ya kwanza yaliiva vizuri. Aliporudishia mengine, kile kiraka kililegea, kikadondoka motoni kama tone la zebaki, na mafuta yakafuata. Ndimi za moto zikapanda hadi kenchi za paa. Mdogo wangu alishika ndoo ya maji. Baba akamnyang'anya, maana maji yakigusa mafuta yanayowaka hulipuka mvuke na kuusambaza moto jikoni kote. Tuliuzima kwa mchanga na majivu.

Lehemu ile ni stani iliyochanganywa na risasi. Stani peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232, risasi kwenye 327. Ungetarajia mchanganyiko uangukie katikati. Sivyo: sehemu 63 za stani kwa 37 za risasi huyeyuka kwenye 183, chini ya zote mbili. Kila moja huvuruga mpangilio wa chembe za mwenzake zinapotaka kugandamana, hivyo sharti zipoe zaidi ndipo zigande.

Maji ndiyo yaliyokuwa yakikilinda kiraka. Hayapiti nyuzi 100, na huku kwetu mlimani huchemka hata kabla ya hapo. Ukitia kijiko cha chumvi, kiwango hicho hakipandi hata nyuzi moja. Mafuta ya mandazi hufika 180 yakiwa yametulia tu, na kitako kinachopigwa na moto huzidi hapo.

Jambo kubwa zaidi alilifanya mama. Alikusanya mandazi yote, hata yale mazuri ya mwanzo, akayafukia shimoni. Kuku pia hawakupewa. Risasi haina harufu, na huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Shangazi aliusikitikia unga wake, kisha akakanda mwingine, baba akaenda kuazima karai la chuma ng'ambo ya barabara ya Maua.